Kutoka Kariakoo Hadi Unguja kwa Mwendo wa Pole

Kwa miaka 26 tumeuza viungo Kariakoo. Iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, binzari, kungumanga: mteja anayeandaa pilau ya harusi anatuambia idadi ya wageni tu, nasi tunapima bila kumuuliza zaidi. Lakini mpaka Agosti ya mwaka jana hapakuwa hata mmoja kati yetu wawili aliyewahi kuuona mkarafuu ukiwa umesimama shambani. Tulikuwa kama mtu anayepokea barua za ndugu yake kila wiki, na uso wa huyo ndugu haujui.

Kutoka dukani kwetu hadi bandarini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kutoka bandarini hadi Unguja, boti ziendazo kasi hutumia saa mbili hivi. Kuna watu wanaopanda ndege Ulaya, wakalala humo usiku kucha, ili wakakione kisiwa hicho. Sisi tulishindwa na saa mbili na nusu.

Sababu hazikukosekana. Mwaka 2012 tulikuwa tumekwisha weka akiba ya safari, tena tumeaga na majirani. Tarehe 18 Julai mwaka huo meli ya Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Haukuwa umetimia mwaka tangu Spice Islander ilipozama, Septemba 2011, ikiwa njiani kwenda Pemba. Mtaani kwetu kulikuwa na matanga, na mmoja wetu (tumekubaliana tusimtaje) alitamka mbele ya mashahidi kwamba hatapanda tena chombo cha majini, labda Nuhu mwenyewe aje amchukue. Fedha zile tukalipia karo ya mwanetu Neema, wala hatukujuta.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2021. Usiku wa tarehe 10 Julai soko kuu la Kariakoo liliungua, na kizimba chetu kilikuwa ndani. Tulisimama barabarani pamoja na wenzetu, tumejifunga khanga na mashuka tuliyotoka nayo kitandani. Kitu kimoja hatutakisahau. Katikati ya moshi ule wa mbao na plastiki tulisikia harufu ya mdalasini na iliki ikipanda, harufu nzuri kana kwamba kuna mtu anapika karamu. Mwanamke jirani yetu wa kizimba alisema, "Hiyo ni yenu," akaanza kulia kwa niaba yetu. Akiba ya safari ya pili ikaenda kununua mzigo mpya, na tangu hapo tunauza katika chumba kidogo tulichopanga mtaa wa jirani.

Kwa hiyo safari hii hatukuipanga sisi. Neema alipopata kazi ya kudumu alitukatia tiketi bila kutuuliza, akaziweka juu ya meza na kusema, "Baba, mama, hizi hazirudishwi." Anatufahamu. Alijua kwamba kupoteza fedha kunatuuma kuliko kuogopa maji.

Tuliondoka nyumbani Alhamisi, kabla ya jua kupanda sawasawa. Tungeweza kupanda bajaji, ila mmoja wetu alitaka kutembea, nadhani ili kuichelewesha bahari kidogo. Kila siku tunapita mitaa hii tukiwa na mzigo kichwani au hesabu akilini. Asubuhi ile hatukuwa na kitu ila begi moja. Wapagazi walikuwa wamekwisha amka, mikokoteni ikishuka Msimbazi imepakiwa vitunguu, vijana wakipiga mluzi watu wapishe. Jina la mtaa wetu ni lao, ingawa wengi wamesahau. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, waliweka hapa kambi ya kikosi cha wabeba mizigo. Kwa Kiingereza kikosi kile kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao likawa Kariakoo. Wapagazi waliokufa katika vita vile ni makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado ukisimama hapa dakika tano utapishwa na mtu mwenye gunia mgongoni.

Tulipita pia kando ya soko. Tulizoea kuliona jengo lile kama dari ya kazi yetu, hatukuwahi kulitazama kama wageni wanavyolitazama, shingo nyuma na kamera mkononi. Lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini, ili maji ya mvua yakusanyike na kushuka kupitia nguzo. Tulifanya kazi chini ya miavuli ile miaka mingi tukilalamika kuhusu joto. Asubuhi ile tulisimama tukaitazama. Mlinzi mmoja akatuuliza kama tumepoteza kitu.

Mnazi Mmoja, mtaa wa Uhuru na maduka yake ya khanga yakiwa bado yamefungwa, mnara wa saa, kisha Samora. Kwenye sanamu ya Askari tulipumzika. Sanamu ile ya shaba ipo tangu mwaka 1927, bunduki yake imeelekea bandarini, na maandishi chini yake ni ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Tunaishi mjini hapa tangu ujana na hatukuwahi kuyasoma mpaka mwisho. Wapagazi nao wametajwa pale. Tulifurahi kuwakuta, kama unavyofurahi kumkuta mtu wa kijijini kwenu kwenye mji wa ugenini.

Bandari iko karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1897. Mmoja wetu aliomba tuingie dakika moja tu. Tulikaa dakika 20, na nusura boti ituache.

Sasa kuhusu bahari. Wenye uzoefu walituonya kwamba Agosti ni mwezi wa kusi, upepo unavuma kwa nguvu kutoka kusini na maji hayatulii. Ni kweli. Tulipotoka kwenye mlango wa bandari boti ilianza kuinuka na kushuka, inuka, shuka, na watoto waliokuwa wakicheka wakanyamaza mmoja mmoja. Kijana mhudumu alipita na mifuko ya karatasi. Akamwinamia yule ambaye tumekubaliana tusimtaje, akasema kwa upole, "Shikamoo mzee. Shika huu mfuko, wala usione haya." Basi, siri imekwisha.

Tulishikana mikono njia nzima. Tunalisema hili kwa sababu lilitushangaza wenyewe. Hatukumbuki mara ya mwisho tuliposhikana mikono mbele ya watu, labda siku ya harusi, tena siku ile ni kwa sababu mpiga picha alituamuru. Upande wa pili wa kiti alikaa bibi mmoja wa Kiunguja aliyevaa buibui, tasbihi mkononi. Kisiwa cha Chumbe kilipoonekana, na mnara wake mweupe wa taa, aliinua viganja vyake akasoma dua kwa sauti ndogo, kisha akajipangusa uso. Hatukumuuliza alimpoteza nani pale. Nasi tuliomba kwa namna yetu. Dakika chache baadaye alitoa kashata kwenye mkoba akatugawia, akasema, "Kuleni, wanangu, tumeshavuka." Mzee wetu alikula mbili.

Tunawashauri wenye hofu kama yake wakae sehemu ya chini, katikati ya chombo, mahali ambapo mtikisiko ni mdogo. Wale pia chakula chepesi kabla, wasije na tumbo tupu wala lililojaa. Hayo tuliambiwa na yule yule mhudumu tulipokwisha fika, yaani yalipokuwa hayatusaidii tena.

Mji Mkongwe haufai kwa mtu mwenye haraka. Vichochoro vyake vinapinda bila kukushauri, na mara tatu tulitoka pale pale tulipoingilia. Alhamisi yote tulitembea tukipotea. Tuliona milango ya mbao iliyochongwa maua na minyororo, mabaraza ya mawe ambapo wazee hukaa wakinywa kahawa chungu, na watoto waliotupa shikamoo bila kusukumwa na mama zao. Akina mama wenzetu, ukienda kule chukua khanga ya kujitanda. Hakuna atakayekufukuza bila khanga, lakini ukijitanda utaona sura zinavyofunguka.

Lakini tusiwafiche. Alasiri ile tulikaribia kugombana. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza, hatuna la kufanya, na katika saa moja mmoja wetu alimpigia simu kijana wetu wa dukani mara nne. Ameuza nini? Amefunga mizani? Yule mnunuzi wa Tabata amelipa? Mara ya nne mwenzake akamwambia, "Mama Neema, kama umekuja kuuza iliki ungebaki Kariakoo." Naye akajibu, "Nikinyamaza, Baba Neema, tutaongea nini?"

Swali lile lilikaa kati yetu kama mtu wa tatu. Tulijaribu. Tukaongea kuhusu Neema, tukamaliza. Tukaongea kuhusu kodi ya pango, tukamaliza. Halafu tukanyamaza, na tukatambua kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukizungumza kama watu wawili wanaoendesha duka, na jioni tunafunga mazungumzo pamoja na mlango. Hatukuwa na ugomvi, na pengine ndiyo maana hatukuligundua. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, tukanunua viwili, vikombe vidogo kama vya watoto, na kwa kuwa kahawa ilikuwa ya moto sana tukalazimika kuinywa taratibu.

Jioni tulishuka Forodhani. Bustani ile iko mbele ya Ngome Kongwe na ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lililokuwa la kwanza mjini kuwa na umeme. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Miezi sita na nusu baadaye, soko letu nalo likaungua. Tulilitazama lile jumba kwa muda mrefu kuliko watalii waliokuwa karibu yetu, maana tulijua jinsi inavyokuwa kusimama nje ya jengo ulilozoea na kuona mbingu kupitia mahali ambapo hapakuwa na mbingu. Kisha tukala urojo, pweza wa kuchoma na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kuhusu urojo, hatuwezi kuueleza vizuri. Ni mchuzi mwepesi wenye ukwaju, ndani yake bajia, viazi, kachori na kila alichopenda mpishi. Tuliutafuta tena kesho yake na keshokutwa.

Ijumaa ndiyo siku tuliyoisubiri. Tulikwenda mashamba ya viungo upande wa Kizimbani na Kidichi, kaskazini mashariki ya mji. Kijana mtembezi alitupokea pamoja na wageni wengine, na desturi yao ni hii: anachuma jani au gome, analiponda kiganjani, anakupa unuse, unabahatisha. Wageni walibahatisha. Sisi tulifumba macho tukajibu yote, mpaka yule kijana akaanza kutuangalia vibaya kama wanafunzi walioiba mtihani. "Mzee, mumefanya kazi hoteli?" akauliza. Tukamwambia tunauza viungo Kariakoo.

"Ahaa," akasema. "Basi nionesheni iliki iko wapi."

Tukainua vichwa. Tuliangalia juu ya miti, tukazunguka, tukaangalia tena. Wageni nao wakaangalia juu. Kijana alicheka hadi akakaa chini, kisha akayafunua majani marefu yaliyokuwa karibu na magoti yetu. Iliki zilikuwa pale chini, juu ya vikonyo vinavyotambaa ardhini kama vimeanguka mfukoni mwa mtu. Kumbe tunda tunalolipima kwa gramu kama dhahabu huota miguuni. Pilipili manga nayo tulidhani ni kichaka, kumbe ni mtambaazi unaokumbatia mti mwingine, na nyeusi, nyeupe na kijani zote hutoka kwenye shina moja, tofauti ni wakati wa kuchuma na namna ya kutayarisha. Vanila huchavushwa kwa mkono, ua moja moja, kwa kijiti. Baada ya kuliona hilo hatutalalamika tena kuhusu bei yake.

Na mkarafuu. Ni mti mrefu kuliko tulivyofikiri, wenye majani yanayong'aa. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, likiwa bado kijani linaloanza kugeuka jekundu. Likichanua limekwisha poteza thamani. Mchumaji hupanda na kukata kishada kizima, na nyumbani familia hukaa kuzichambua, kuzitenga na makonyo yake. Kisha zinaanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa, mtu akiwa macho na mawingu, kwa sababu mvua moja inaweza kuharibu kazi ya wiki. Tukakumbuka jinsi tulivyokuwa tukimwaga gunia sakafuni na kugombeza kwamba makonyo yamezidi. Kila punje ilikuwa imepita vidoleni mwa mtu.

Kijana alitueleza kwamba mikarafuu ililetwa Unguja kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said ndiye aliyeeneza mashamba yake, yakilimwa na watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye wingi wa karafuu. Mkulima wa visiwani huuza karafuu zake kwa shirika la serikali, na kuzivusha kimagendo ni kosa.

Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa nyinyi, karafuu munazouza huko Bara zatoka wapi?"

Tulijikuna vichwa. Zetu zinatoka Matombo, Morogoro, na nyakati nyingine Muheza. Tumelijua hilo siku zote. Wanaotuletea mzigo tunawafahamu kwa majina. Lakini mlangoni kwetu kuna kibao, na juu ya kibao tumeandika kwa rangi nyekundu: KARAFUU SAFI ZA ZANZIBAR. Kila muuzaji wa mtaa ule anaandika hivyo. Mteja anapenda kusikia hivyo, na karafuu za Morogoro si mbaya hata kidogo. Hizo ndizo sababu tulizokuwa nazo. Tulimjibu kijana, "Zatoka sehemu mbalimbali," naye kwa adabu yake akahamia kwenye mdalasini.

Njia nzima ya kurudi mjini tulikaa kimya ndani ya daladala. Usiku, taa ikiwa imezimwa, mmoja wetu alisema, "Kile kibao." Mwenzake akasema, "Nimekuwa nikikifikiria." Tukaongea hadi karibu saa saba. Kwanza kuhusu kibao, baadaye kuhusu mambo mengine tuliyokuwa tumeyapitia bila kuyasema: ule usiku wa moto, na jinsi kila mmoja alivyojifanya imara kwa ajili ya mwenzake kiasi kwamba hakuna aliyelia mbele ya mwingine. Hatutayaandika yote hapa. Ila lile swali la barazani lilikuwa limepata jibu.

Jumamosi tulikwenda Jambiani, pwani ya mashariki, na hapa hatutakaa sana, kwa kuwa ufuo mweupe na maji ya samawati mmekwisha yaona kwenye kalenda. Kilichotupendeza ni maji kupwa. Bahari inarudi nyuma mbali, na wanawake wanaingia na kamba zao kwenye mashamba ya mwani, wameinama kati ya vigingi kama wanapalilia mpunga. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani ile mwaka 1989, na kwa akina mama wengi wa kule ndiyo fedha ya kwanza iliyoingia mkononi mwao wenyewe. Mwani hukauka ukasafirishwa nje, ukatumika katika vitu kama dawa ya meno na aiskrimu. Mama mmoja aliyekuwa akifunga vipande kwenye kamba alitueleza kwamba kazi imekuwa ngumu, maji yamekuwa ya moto kuliko zamani na mwani ule wenye bei nzuri hufa kabla ya kukomaa. Baadhi yao sasa wanautengenezea sabuni. Tulinunua vipande vitatu. Alituuliza tumekaa pamoja miaka mingapi, tukamwambia 28.

"Na leo ndiyo munatembea?" akasema, akaendelea kufunga kamba yake.

Jumapili asubuhi tulisali katika kanisa kuu la Anglikana, Mkunazini. Kanisa hilo limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, na ndiye aliyetafsiri Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja. Amezikwa nyuma ya altare. Wageni huoneshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu na mafundi wakati askofu hayupo, na msalaba uliochongwa kutoka kwenye mti wa kijijini Chitambo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa. Tuliyatazama hayo.

Lakini nje uani kuna shimo la mraba, na ndani yake sanamu za watu watano wamesimama, shingo zao zimefungwa kwa minyororo. Sanamu ziliwekwa mwaka 1998. Minyororo ni ya kweli, ya enzi ile. Tulisimama pale sisi wafanyabiashara wa soko. Tulifikiri juu ya neno soko, ambalo kwetu maana yake ni chakula cha watoto, na karo, na majirani. Tukafikiri pia mashamba tuliyoyafurahia juzi yake. Hatukuongea. Mzee alivua kofia yake, na mpaka tulipotoka getini bado alikuwa ameishika mkononi.

Boti ya jioni ilikuta bahari imechafuka kuliko siku ya kuja. Safari hii mfuko wa karatasi haukutumika, ingawa ulishikiliwa muda wote. Tulipokaribia Dar es Salaam mnara wa Mtakatifu Yosefu ulionekana kwanza, mdogo, umezungukwa na maghorofa marefu, kisha taa za mji zikawaka moja moja. Tulijua kila mtaa nyuma ya taa zile, na bado tulisimama kwenye ukingo pamoja na wageni, tukionyeshana. Tukarudi nyumbani kwa miguu, njia ile ile. Kwa Askari tukapumzika tena, na mtaa wa Uhuru tukanunua mahindi ya kuchoma.

Jumatatu, kabla ya kufungua, tulikitoa kibao. Fundi wa rangi wa mtaani alitaka kujua kama tunafilisika. Tulimpa maneno mapya: KARAFUU SAFI ZA MOROGORO.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja tuliyemzoea, ananunua kwa ajili ya biashara yake ya chakula. Alisoma kibao, akaingia, akanusa konzi moja ya karafuu.

"Za Unguja mmeacha kuleta?"

"Hatujawahi kuzileta, dada," tukamwambia. "Hizi ndizo zile zile unazonunua siku zote."

Alitutazama sisi wote wawili, akazirudisha karafuu kwenye gunia, akatoka. Tulimwona akivuka barabara hadi duka la mbele, ambalo mzigo wake unatoka kwenye lori lile lile linalotuletea sisi. Alhamisi akarudi, akanunua nusu kilo, hakusema neno. Wengine hawajarudi. Mama Neema anaziandika hesabu jioni kama kawaida, na zimepungua. Lakini kabla ya kuziandika tunatoka kwanza, tunazunguka mtaa mmoja au miwili, hatununui kitu.

Neema anauliza Desemba tunataka kwenda wapi. Mzee amesema Pemba.